Nusu ya Kifuniko

Nyumba ya Fundi Mwashi,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
Alhamisi, 18 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mpiga kelele. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala, maana nakujua, ukiachwa peke yako hukumbuka kimoja ukasahau kingine. Kifua kinaendeleaje? Vumbi la unga bado linakukohoza? Vaa kile kitambaa cha puani nilichokushonea, hata wenzako wakicheka. Waache wacheke, kifua ni chako.

Huku kwetu hatujambo. Mgongo wangu bado unalalamika kwa ajili ya cherehani, lakini tumeshazoeana nao, siku usipouma nitaingiwa na wasiwasi. Shemeji yako mzima, anajenga ukuta wa karakana moja kando ya reli na kila jioni anarudi na saruji hata kwenye nyusi. Wanangu nao wazima. Meneja bado anatoa amri kutwa nzima na hainui hata kijiti. Dada yake mdogo, Kijiko, bado analitendea haki jina lake. Palipo na bakuli, naye yupo. Binti yako ana afya njema na amerefuka. Habari zake ndizo zilizoniketisha leo nikashika kalamu badala ya mkasi.

Barua yako ilifika salama. Nimefurahi kwamba wamekutoa zamu ya usiku hapo kiwandani na sasa unaoka mikate mchana kama watu wengine. Nimefurahi pia kusikia umepata vyumba viwili, na shule iko ng'ambo ya barabara tu. Swali lako nimelielewa. Unataka kujua kama umchukue mwanao mkaishi pamoja, au umwache hapa kwangu kwa kuwa ameshazoea, usije ukamtikisa tena kama alivyotikisika mama yake alipofariki. Ukaniomba nikujibu kama dada, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sikupaki. Ila itabidi univumilie nikupe kwanza habari za keki. Najua utasema dada ameanza, ukimuuliza saa anakueleza saa ilivyotengenezwa. Vumilia hivyo hivyo.

Kwanza ujue nilichokuwa nimekusudia kukuandikia. Nilikuwa nikuandikie umwache. Sababu ninazo. Shuleni anafanya vizuri, mwalimu wake hana neno. Anakula, analala, hagombani na mtu. Wadogo zake wanamfuata kila aendako, hata chooni wanamsubiri mlangoni. Tangu ulipomleta hapa sijamwona akilia hata siku moja, wala hajanisumbua kuuliza baba yuko wapi, baba anakuja lini. Nikajiambia, huyu ametulia. Na tena nampenda. Nampenda mno, mdogo wangu, hata akichelewa kidogo kurudi kutoka shule mguu wangu unakosea pedali. Hilo nalo lilikuwamo katika jibu langu, sitakuficha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikinikwaza. Lile jina lako la Hamira ulilompa alipokuwa mchanga, ukisema kila asubuhi unamkuta ameumuka kidogo, hataki tulitumie. Shemeji yako alimwita hivyo mara moja mezani, akamjibu kwa adabu kabisa kwamba hilo ni la baba. Basi sisi humwita Dada, kama wanavyomwita wadogo zake. Humu nitamwita Hamira kwa kuwa wewe ndiye unayesoma.

Ijumaa iliyopita shule zilifungwa. Unajua sheria ya nyumba yetu tangu enzi za mama: shule zikifungwa, keki ya jemu inaokwa. Kama kazi ya mashine imekusahaulisha, nitakukumbusha. Keki moja nene, inakatwa katikati iwe mbili, jemu inalala ndani, na ile ya juu inatobolewa dirisha la duara ili jemu ionekane. Kile kiduara kinachotolewa dirishani ndicho kifuniko, na kifuniko ni cha aliyekata dirisha. Anakila papo hapo, amesimama, kabla mtu mwingine hajaonja. Wewe ulikuwa ukikitia mdomoni kizima, mashavu yanavimba, mama anakukimbiza na mwiko.

Jumamosi asubuhi nilifuta meza, nikasogeza cherehani ukutani na kuifunika shuka isije ikala unga. Nikatoa bakuli, nikatoa mayai, nikaanza kumimina unga kwa kikombe kama ninavyofanya siku zote. Hamira akaniangalia. Akaenda chumbani akarudi amekumbatia ile mizani yako ya zamani uliyotuachia, bado imo ndani ya boksi lake, akaifuta kwa pindo la gauni, akaiweka mezani na kuigonga kidogo mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri.

"Shangazi, tunaanza na mayai," akasema.

"Mayai yanahesabiwa, mama. Hayapimwi."

"Yanapimwa na maganda yake. Halafu unga uwe sawa nayo, sukari sawa nayo, siagi sawa nayo."

Mimi nimeoka keki hii tangu sijavunja ungo, na haijawahi kunigomea. Lakini mtoto alikuwa ameshapanga mayai kwenye sahani ya mizani, anayageuza taratibu yasigongane, nikajiona kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikarudisha unga kwenye mfuko. Meneja, ambaye hakuwa ameombwa, akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba kuanzia sasa kila kitu kitapimwa, hata Kijiko. Wakampima Kijiko mkono.

Kijiko naye alipewa yai moja alivunje. Akaligonga kwenye ukingo wa meza badala ya ukingo wa bakuli, likateremka taratibu kwenye mguu wa meza hadi sakafuni, na sote tukalisindikiza kwa macho. Hamira akachukua yai jingine akampa, akamshika kiganja chake, wakavunja pamoja. Alikuwa mpole mno. Nilisimama pale na kitambaa cha kupangusia nikajisemea, huyu ni dada wa nyumba hii, ataondokaje hapa?

Oveni yetu unaikumbuka, ile ndogo. Mlango wake sasa haufungi kabisa mpaka uuegemeze kiti. Tena miguu yake ya nyuma imeliwa na kutu, kwa hiyo inalalia upande mmoja. Tulitia keki, tukaegemeza kiti, watoto wakakaa chini mbali kidogo wakilinda kama polisi wa zamu. Kila Kijiko aliposogea, Meneja alipuliza filimbi ya mdomo.

Shemeji yako alirudi wakati keki inapoa. Hakuvua hata viatu. Alichungulia, akakunja uso, akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa pimamaji, ile ya kuangalia kama ukuta umelala. Nakuapia, mdogo wangu, akaiweka juu ya keki. Kile kipovu kikakimbilia kushoto.

"Imelala," akasema. "Msingi mbovu."

"Msingi ni oveni, na oveni nilikuomba uitazame tangu mwaka jana," nikamjibu.

Akajifanya hajasikia. Watoto wote watatu wakapanga mstari ili kila mmoja aone kipovu. Kisha ukaja wakati wa kuikata katikati. Mimi huikata kwa uzi, unajua, unauzungusha ubavuni, unapishanisha ncha, unavuta, inagawanyika bila makombo. Nikaenda kutafuta uzi wangu mweupe kwenye droo ya cherehani. Fundi akaona nachelewa. Yeye hawezi kuona mtu anatafuta kitu ambacho yeye anacho. Nikasikia anawaambia watoto, "Uzi si huu hapa? Uzi wa fundi haukatiki."

Niliporudi alikuwa ameshavuta. Alichotumia ni ule uzi wake wa kupigia mistari ukutani, unaokaa ndani ya kikopo chenye unga wa bluu. Anasema aliusuuza. Labda aliusuuza mwaka alionioa. Keki ilikatika vizuri sana, imenyooka kuliko nilivyowahi kuikata mimi, kwa maana alirekebisha hata ule mlalo. Lakini pande zote mbili za ndani zilikuwa za bluu, bluu ya kweli, na vidole vyake bluu, na Kijiko aliyekuwa ameshagusa akajipaka puani, bluu.

Shemeji yako akaitazama keki, akanitazama mimi, akasema, "Angalau imenyooka."

Hapo Hamira akacheka. Sijui nikueleze vipi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, ameshika tumbo, machozi yanamtoka, na wadogo zake wakamwangukia juu nao wanacheka bila kujua tena wanacheka nini. Katika muda wote aliokaa nami sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nami hasira ikaniyeyuka. Nikasema moyoni, jibu ndilo hili, kesho naandika barua, mtoto yuko nyumbani kwake.

Tulikwangua ile bluu kwa kisu kidogo kidogo. Fundi akalazimishwa na watoto ale makwanguo yote kama adhabu, akala, akadai yana ladha ya ukuta mpya. Tukamwachia Hamira jemu. Kijiko alitaka kupaka yeye, lakini jemu na Kijiko haviwezi kuachwa pamoja. Hamira aliimwaga katikati, akaitandaza kwa nyuma ya kijiko akizungukazunguka kuelekea nje, kisha akasimama kabla ya ukingo, upana wa kidole hivi. Nikamwambia mbona unabania, fikisha mwisho. Akasema ikifunikwa itajisogeza yenyewe, ukiifikisha mwisho itamwagika nje. Na kweli ikajisogeza. Hata sauti aliyotumia ilikuwa yako.

Dirisha alilikata yeye, kama kila mara tangu afike, kwa mdomo wa glasi. Akainua kile kiduara kwa ncha ya kisu, akakiweka kiganjani. Wote tukasubiri akile. Akakigawa katikati kwa vidole, polepole, ziwe nusu mbili zilizolingana. Nusu moja akaila amesimama, kama sheria inavyotaka. Papo hapo Meneja akaanza kudai kipande chake na cha mtu atakayefika baadaye, nikageuka kumkemea. Nilipomrudia Hamira mikono yake ilikuwa mitupu, nikajua amemaliza.

Keki ililiwa ikaisha siku ile ile. Jumapili nilitaka kukuandikia, wateja wa sare za shule wakanizonga. Jumatatu hivyo hivyo. Nashukuru kwamba walinizonga.

Jumanne asubuhi, nikifagia, nikaona sisimizi. Si wawili watatu, bali msafara mzima, umetoka chini ya mlango wa jikoni, umefuata ukuta, umepita nyuma ya cherehani yangu bila hata kunisalimu, umeingia chumba cha watoto. Nikaita kwa sauti ambayo jirani aliisikia, "Kijiko!" Akaja mbio. Akaapa kwa Mungu, kwa bibi yake, na kwa doli lake. Sikumwamini hata kidogo. Nikapiga magoti nikafuata msafara ule, naye nyuma yangu anafuata kwa magoti pia, mpaka uvunguni mwa kitanda. Sisimizi walikuwa wanaingia kwenye sanduku la Hamira, kupitia pale kwenye kona iliyopasuka.

Lile sanduku ni lile la kahawia uliloliacha hapa siku ulipomleta. Nguo zake zote ziko kabatini, nilimpangia mwenyewe wiki ile ile. Kwa hiyo siku zote nilijua sanduku ni tupu. Nikalivuta, likawa zito.

Nikalifungua. Ndani kulikuwa na nguo zimekunjwa vizuri, za chini kubwa, za juu ndogo, kama mtu anayesafiri kesho. Gauni la maua alilokuja nalo. Viatu vyeusi alivyokuja navyo, vimepigwa rangi. Taulo. Mswaki mpya ambao nilidhani umepotea. Na juu kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi wa mikate, ule wenye alama ya kiwanda chenu, kulikuwa na nusu za vifuniko. Za kila keki tuliyooka shule zilipofungwa tangu afike hapa. Kila moja imefungwa kwenye kipande chake cha karatasi. Ya juu ilikuwa bado laini, imejaa sisimizi. Zile nyingine zilikuwa zimekauka, ukiigonga moja juu ya nyingine inalia kama kigae.

Nilipoinua kichwa, Hamira alikuwa mlangoni na ndoo ya maji mkononi.

"Shangazi, usizitupe," akasema.

"Sizitupi. Za nini lakini?"

"Ni nusu za baba."

Akaweka ndoo chini, akaja akapiga magoti kando yangu, akaanza kupuliza sisimizi kwenye ile mpya. Akanieleza bila haraka, kama ananieleza jambo ambalo kila mtu analijua. Mlipokuwa mkioka nyumbani mlikuwa mkikigawana kifuniko, nusu yake na nusu yako, na hajawahi kula kizima. Kwa hiyo akila nusu yake, ile nyingine anaiweka. Ndiyo hiyo tu.

Nikamwambia, "Lakini mama, hizi zimekauka. Haziliki tena."

"Baba anajua kulainisha mkate mkavu," akasema. "Unanyunyizia maji kidogo, unaurudisha kwenye oveni."

Nikashika lile gauni la maua, nikauliza na nguo hizi je. Akasema hizo ni za safari. Nikauliza safari ya lini. Akasema hajui, ndiyo maana ameziweka tayari.

"Mbona hukuniambia unataka kwenda kwa baba?"

Akafikiri. "Nilijua utalia."

"Mimi? Mimi silii ovyo ovyo."

Na pale pale, mdogo wangu, nikalia. Nililia kwa sauti, nimeketi sakafuni kati ya sisimizi, na Kijiko kwa kuniona nalia naye akaangua kilio ingawa safari hii hakuwa na kosa. Hamira akanipa taulo la sanduku lake nijifute. Akasema taratibu, "Si unaona."

Nilipotulia nikafanya kosa la kishonaji. Nikalinyanyua lile gauni la maua, nikampimia mabegani bila kukusudia, mkono wenyewe ulifanya. Halimtoshi. Halimfikii hata magoti, na kifuani halifungi. Viatu ndiyo usiseme, kisigino kinabaki nje. Aliangalia gauni, akajiangalia, na hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Alikuwa amejiweka tayari muda wote ule, na safari yenyewe ilikuwa imemwacha bila kuondoka. Sijawahi kumwona vile, hata siku ya msiba. Kisha akajikaza, akalikunja lile gauni, akaniuliza kama naweza kumshonea lingine.

Nikasema nitamshonea.

Basi hilo ndilo jibu langu, na ningependa usome bila kutafuta neno jingine nyuma yake. Mchukue mwanao. Hakuzoea hapa. Alikuwa anasubiri kwa adabu, na mimi nikaiita adabu yake utulivu. Chakula alikula, shule alisoma, wadogo zake aliwapenda, hayo yote ni kweli na hakuigiza. Lakini nusu moja alikuwa anaiweka kila mara, nami nilikuwa nimempa kisogo namkemea Meneja.

Usifikiri nakuandikia haya kwa moyo mweupe. Naandika shingo upande. Meza itakuwa na nafasi wazi na mimi ndiye nitakayekaa nikiitazama. Nilipomweleza shemeji yako alisema, "Mtoto ni wa mwenyewe," kisha akatoka nje akaanza kukoroga saruji wakati hapa nyumbani hapana kitu cha kujenga. Akaishia kuziba ufa wa ukuta wa jirani. Jirani bado anashukuru.

Sijamwambia Hamira kwamba uliniuliza. Hilo ni lako, umwambie kwa mdomo wako. Na uje mwenyewe, tafadhali. Usimtume mtu, usimkabidhi kwa dereva, usimwombe rafiki anayepita huku. Ulimleta kwa mkono wako, umfuate kwa mkono wako.

Mambo machache ya kujua kabla hujafika. Maziwa yenye utandu hayanywi. Akinyamaza sana jioni, ana njaa au ana jambo, anza na njaa. Hesabu anaziweza kuliko wewe, usijifanye unamsaidia. Kusuka hujui, kwa hiyo tafuta msusi mapema, usije ukamwacha mwanangu kichwa wazi kama ufagio. Na mizani yako ataibeba yeye mwenyewe, ameshasema haiingii kwenye mzigo wa mtu mwingine.

Zile nusu tumezipangusa sisimizi, zimehamia kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko mgumu, liko juu ya kabati. Hata Kijiko hajathubutu. Najua wewe ni fundi wa oveni, lakini sioni maji gani yatazilainisha zile za chini. Hiyo ni shida yako na yeye. Ukishindwa, uzile hivyo hivyo kavu, na usikunje uso.

Shemeji yako anakusalimu na anasema siku akija kwako atakupimia meza yako ya kukandia kama imenyooka. Meneja anakusalimu na anaagiza uje na filimbi ya kweli. Kijiko anakusalimu na hataki kitu, amesema tu jemu. Jirani wa ule ufa naye anakukumbuka. Wasalimie wenzako wa zamu, na yule mama mwenye nyumba aliyekupa vyumba viwili mwambie dada yako anamshukuru kabla hajamwona.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe pumzi ya kutosha na mlango wa kufungua ukiwa na mtu wa kumkaribisha ndani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Shangazi wa Hamira.

Tena: Gauni la safari nimelikata jana na leo nimelimaliza. Ni la kijani, alichagua mwenyewe. Pindo nimeliacha refu, mikunjo miwili, ili mkilifungua lishuke. Amelikunja, ameliweka juu kabisa, na sanduku limerudi uvunguni. Njoo kabla halijambana.